Kubuni Gari la Mashindano la Kesho: Anza na Betri, Si Bodi

Mwanafunzi wa uhandisi au mchoraji wa Dar es Salaam anayebuni gari la mashindano la miaka ijayo mara nyingi huanza kwa kuchora pua ndefu na bawa kubwa la nyuma, kisha akahangaika kutafuta mahali pa kuweka betri. Njia inayopendekezwa hapa ni ya kinyume: hesabu ya nguvu na joto itangulie, na umbo lifuate.

Amua kwanza kasi unayoitaka, kwa mfano kilomita 252 kwa saa, yaani mita 70 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, kuizidisha kwa mraba wa kasi, na kuizidisha tena kwa eneo la ukinzani la gari, yaani eneo la mbele la gari likizidishwa kwa kipimo cha jinsi umbo lake linavyopinga hewa. Vitabu vingi hutumia hewa ya nyuzi 15 yenye kilo 1.225, lakini hewa ya Dar es Salaam mchana wa Februari, penye nyuzi 32 hivi, ni nyepesi zaidi, takriban kilo 1.15. Ukikadiria eneo la ukinzani kuwa mita moja ya mraba, utapata nyutoni 2,800 hivi, ambazo katika kasi hiyo zinadai karibu kilowati 197 kwa ajili ya kusukuma hewa pekee. Ukipunguza kasi kwa nusu, dai hilo linashuka hadi moja ya nane.

Betri ya kilowati-saa 50 ingemalizwa na mwendo huo kwa dakika 15 tu, kwa hiyo breki lazima zirudishe umeme, kwa mota kufanya kazi kama jenereta. Magari ya Formula E, mashindano ya magari ya umeme, ya kizazi cha tatu, yaliyoanza mashindano mwaka 2023, yana mota mbele na nyuma. Huendeshwa kwa kilowati 350 lakini yanaweza kurudisha hadi 600 wakati wa kufunga breki, na ekseli ya nyuma haina breki za kawaida za mafuta. Gari la kilo 840 linaloshuka kutoka mita 70 hadi 25 kwa sekunde hupoteza nishati ya karibu nusu kilowati-saa, nawe huwezi kuirudisha yote, kwa kuwa sehemu huchukuliwa na hewa na nyingine hupotea ndani ya mota.

Joto ndilo linalostahili muda wako mwingi. Tuseme seli za betri zisizidi nyuzi 45. Hewa ikiwa nyuzi 15, rejeta ina tofauti ya nyuzi 30 ya kufanyia kazi. Hewa ikiwa nyuzi 32, tofauti hiyo ni 13 tu, hivyo unahitaji hewa zaidi ya mara mbili kuondoa joto lilelile. Chora matundu ya pembeni kwa hesabu hiyo, na betri uiweke chini kabisa, nyuma ya dereva. Juu ya dereva acha nafasi ya fremu ya kulinda kichwa, kama ile ya titani iliyolazimishwa katika Formula 1 mwaka 2018.

Sasa ndipo bodi inapoingia. Bawa hukandamiza gari chini kwa kadiri ya mraba wa kasi, kwa hiyo kwenye kona za polepole halisaidii sana. Feni inayofyonza hewa chini ya sakafu haina udhaifu huo: dereva wa Formula 1 Niki Lauda alishinda nayo nchini Sweden mwaka 1978 akiendesha gari la Brabham BT46B, na mwaka 2022 gari la umeme la McMurtry Spéirling lilipanda kilima cha Goodwood, Uingereza, kwa sekunde 39.08. Ukiichagua, buni na kichujio, maana feni hiyo haichagui kati ya hewa na mchanga, na mchanga hapa kwetu haukosekani.

Umbo lichorwe katika FreeCAD au Blender, programu zisizolipiwa, kisha lichongwe kwa ukubwa wa moja kwa kumi. Mafundi wa boti za faiba wanaweza kukuonyesha namna ya kutengeneza kalibu. Bandika nyuzi fupi za sufu juu ya bodi, weka feni ya mezani, na mbele yake panga mirija ya soda iliyofungwa pamoja ili kunyoosha upepo. Uzi unaolala umenyooka unaonyesha hewa inayoshika bodi. Unaozunguka ovyo unaonyesha mahali hewa inapoachana nayo. Usitoe tarakimu zozote kutokana na jaribio hili, kwa sababu upepo wa feni ni mdogo mno, wala usiliamini kuhusu sakafu, kwa kuwa meza imesimama ilhali barabara halisi hupita chini ya gari kwa kasi. Sakafu ipimwe kwa kompyuta, kwa kutumia OpenFOAM, programu ya kuiga mwendo wa hewa, ukiamuru ardhi isogee kwa kasi ileile ya upepo.