Namna ya Kwenda kwa Wakili Ukiwa Umejiandaa

Nimefanya kazi ya uwakili katika mji mdogo kwa muda wa kutosha kuona kwamba kesi nyingi huwa zimekwisha kuharibika kabla hazijafika mbele ya hakimu. Huharibika nyumbani, katika zile wiki ambazo mtu amepokea barua akaiweka juu ya kabati ili hasira zipoe kwanza, au ameieleza shida yake kwa kila jirani isipokuwa kwa yule anayeweza kumsaidia. Maelekezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu huyo, kwa kuwa yapo mengi anayoweza kuyafanya mwenyewe, bila kulipa chochote, kabla hajabisha hodi ofisini kwa wakili.

Anza na tarehe. Siku unayopokea karatasi yoyote yenye mhuri wa mahakama, barua ya kuachishwa kazi, notisi ya kuhama au hati ya madai, andika nyuma ya bahasha siku na saa uliyoipokea, pamoja na jina la aliyekukabidhi. Sheria za karibu kila nchi zinaweka ukomo wa muda, ambao unaweza kuwa miaka kadhaa kwa shauri la deni, lakini ukawa siku chache tu kwa kuwasilisha utetezi au kukata rufaa. Muda ukishapita, wakili anaweza kuiomba mahakama iuongeze, ila atatakiwa kutoa sababu ya msingi ya kuchelewa, na kutojua sheria kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa sababu.

Mama mmoja aliwahi kunijia na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi (mambo mengine nimeyabadili ili asitambulike). Ukisoma tarehe iliyoandikwa juu ya ile barua aliyokuwa akiipinga, siku zake za kukata rufaa zilikuwa zimekwisha. Tuliumwaga mfuko mzima mezani: risiti, kadi za kliniki za watoto, picha mbili, na chini kabisa bahasha iliyokunjwa mara nne, ambayo mhuri wake wa posta ulionyesha kwamba barua ilitumwa siku kumi na mbili baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kanuni iliyohusika ilihesabu siku kuanzia barua inapomfikia mhusika, kwa hiyo tulibakiwa na siku mbili, na zilitutosha. Bahasha ile alikuwa akiiona kama takataka. Tangu hapo humwambia kila mteja asitupe hata karatasi iliyoifunga karatasi nyingine.

Jambo linalohusiana na hilo ni hati ya wito. Wapo wanaoamini kwamba wakikataa kuipokea, au wakijificha mletaji anapokuja, kesi haitaweza kuendelea. Inaendelea. Mahakama ikiridhika kwamba uliitwa au kwamba ulikwepa kwa makusudi, inaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu bila wewe kuwepo, na kuitengua hukumu ya namna hiyo ni kazi ngumu na ya gharama kuliko kufika siku ya kwanza ukiwa na woga wako. Kupokea wito hakumaanishi kwamba umekubali madai.

Baada ya tarehe, panga habari yako. Chukua karatasi moja, andika matukio kwa mfuatano, kila tukio kwenye mstari wake: lini, wapi, nani alikuwepo, nini kilisemwa au kulipwa, na ushahidi wake ni upi. Usiandike jinsi ulivyoumia. Hayo utanieleza kwa mdomo nami nitayasikiliza. Karatasi hiyo inamsaidia wakili kuona kwa dakika tano kile ambacho mazungumzo ya saa nzima yangekificha, hasa palipo na pengo. Kama mliuziana kiwanja kwa maandishi yasiyo na tarehe wala mashahidi, pengo hilo linapaswa kujulikana leo, kwa sababu bado tunaweza kuwatafuta waliokuwepo. Hati halisi zilete uzionyeshe, lakini umwachie wakili nakala, na ukilazimika kumwachia zile halisi, mwombe asaini kwamba amezipokea. Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokuaibisha. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha namba na tarehe, kisha itunze simu yenyewe, kwa kuwa mahakama inaweza kutaka kuhakikisha ujumbe ulitoka wapi.

Kisha sema kweli, nzima. Hapa ndipo ninapoona watu wema wakijiangamiza. Mtu anakuja amefukuzwa kazi bila utaratibu, haki yake iko wazi kabisa, lakini ananificha kwamba alikwisha kusaini karatasi ya kupokea malipo ya mwisho, kwa kuwa anaogopa nitamwona mjinga. Karatasi hiyo naiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa wakili wa upande wa pili. Kama angeniambia mapema, ningeuliza alisaini katika mazingira gani, alipewa muda wa kuisoma au la, na ilikuwa katika lugha anayoielewa au la. Wakili analazimika kutunza siri ya mteja wake, na wajibu huo haukomi kesi inapokwisha. Una mipaka, hata hivyo. Haumlindi anayetafuta ushauri ili akatende uhalifu, na unaweza kudhoofika ukimleta rafiki akae nawe wakati wa mazungumzo. Mwache rafiki asubiri nje, isipokuwa kama ni mkalimani au unamhitaji kwa sababu ya afya au umri.

Katika mji mdogo lipo swali moja la kuuliza kabla ya kueleza lolote: je, wakili amewahi kumtetea mtu ninayegombana naye? Mawakili ni wachache na watu wanafahamiana, kwa hiyo mgongano wa maslahi si jambo la kushangaza. Taja jina la upande wa pili kwanza. Wakili mwaminifu akikuambia hawezi kukupokea, hajakudharau, amekulinda wewe pamoja na yule mwingine.

Kuhusu ada, uliza waziwazi na uombe makubaliano yaandikwe: kazi gani itafanywa, kwa kiasi gani, gharama za mahakama zimo au hazimo, na itakuwaje kesi ikienda rufaa. Dai risiti ya kila malipo. Wakili anayekuhakikishia ushindi, ondoka kwake.

Asiye na uwezo wa kulipa asikate tamaa haraka, lakini ajue tofauti kati ya jinai na madai. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inampa mshtakiwa wa jinai haki ya kupewa mtetezi bila malipo pale maslahi ya haki yanapodai hivyo na yeye hana uwezo. Nchini Marekani, Clarence Earl Gideon, mtu maskini aliyeshtakiwa huko Florida mwaka 1961 kwa kuvunja na kuingia katika nyumba ya mchezo wa biliadi, aliomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika maombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, na mwaka 1963 mahakama hiyo iliamua kwamba alistahili kupewa wakili. Kesi iliposikilizwa upya alimwomba W. Fred Turner, wakili wa mji ule ule, aliyewajua watu na mazingira ya pale, na baraza la raia wanaoamua kesi za aina hiyo likamwona hana hatia. Kesi za madai, kama vile deni, mirathi au ardhi, mara nyingi hazina kinga kubwa kiasi hicho, kwa hiyo ulizia mashirika ya msaada wa kisheria, wasaidizi wa kisheria wa jamii, chama cha mawakili na vyuo vikuu vinavyofundisha sheria, kwa maana vingi vina kituo ambako wanafunzi husaidia wananchi chini ya usimamizi wa walimu wao. Nenda na ile karatasi ya mfuatano wa matukio. Huko foleni huwa ndefu na muda wa kukusikiliza ni mfupi.

Wengi hunijia pia na habari walizozisikia redioni au kuzisoma kwenye simu, kwamba sheria imebadilika na sasa wana haki fulani. Nafurahi mtu anapofuatilia mambo ya nchi yake, ila kabla hajachukua hatua namwomba ajiulize: hiki kilichotangazwa ni muswada, au ni sheria iliyokwisha kupitishwa? Kama imepitishwa, imeanza kutumika lini? Na hukumu inayozungumzwa imetolewa na mahakama ya nchi gani, ya ngazi ipi? Sheria inaweza kupita bungeni na bado ikasubiri tarehe ya kuanza, na kwa kawaida haigusi mambo yaliyofanyika kabla yake. Katika jinai, Ibara ya 11 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inakataza kumtia mtu hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda.

Mwisho, kabla ya kufungua kesi, fikirini kupatana. Gandhi, akiwa wakili kijana, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1893 kusaidia katika kesi ya wafanyabiashara wawili waliokuwa ndugu, akaona gharama zikiwamaliza wote, akawashawishi waikabidhi kesi kwa msuluhishi aiamue nje ya mahakama. Mteja wake aliposhinda, alimwomba akubali kulipwa kwa awamu ili mwenzake asifilisike. Ninawaheshimu mawakili wa aina hiyo kuliko wanaohesabu ushindi, kwa kuwa majirani wawili wakitoka mahakamani watakutana tena kesho yake njiani. Kumbuka lakini kwamba mtu anayepigwa nyumbani hapaswi kusukumwa kwenye upatanisho. Huyo anahitaji amri ya ulinzi na mahali salama pa kulala, siku hiyo hiyo. Mkipatana, andikeni, msaini mbele ya mashahidi, na kama kesi ilikwisha kufunguliwa, ombeni makubaliano yasajiliwe mahakamani ili yaweze kutekelezwa kama hukumu. Siku shauri linapofungwa, usiondoke bila kuomba nakala ya hukumu na hati zako halisi, na uandike tarehe hiyo nayo, kwa sababu siku za rufaa zimeanza kuhesabiwa.