Kuotesha msonobari kutoka kwenye koni

Miche yangu ya kwanza ilikufa yote. Iliota vizuri, ikafika urefu wa kidole, kisha ikadumaa na kugeuka manjano. Nikaongeza samadi, ikazidi kufa. Sitaki yakukute hayo.

Chuma koni, yaani vibebea mbegu vya msonobari vyenye magamba magumu; chagua za kahawia ambazo hazijafunguka. Zilizo wazi zimeshamwaga mbegu. Zianike juani juu ya gunia. Magamba yakikauka hubinuka nje, na ukikaa karibu utayasikia yakitatarika. Koni za msonobari aina ya Pinus banksiana, wa Amerika Kaskazini, ni ngumu zaidi: zimefungwa kwa ulimbo, na porini husubiri moto wa msitu. Hizo zichovye kwanza kwenye maji ya moto kwa muda mfupi.

Chini ya kila gamba mna mbegu mbili zenye bawa jembamba. Pukusa mabawa, loweka mbegu siku nzima, panda zilizozama. Aina za nchi za baridi, kama Pinus strobus, mbegu zake hungoja majira ya baridi yapite ndipo ziote. Ziweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa wiki 8 hivi, bila kuganda. Pinus patula na Pinus caribaea hazihitaji hayo.

Sasa udongo, na hapa ndipo nilipokosea. Msonobari umezoea ardhi ya kichanga isiyotuamisha maji, hata ikiwa haina rutuba, kwa sababu mizizi yake huishi na kuvu. Kuvu huiletea maji na fosforasi, mti hulipa kwa sukari. Nenda chini ya msonobari mkubwa, fukua sindano zilizoanguka hadi uone nyuzi nyeupe za kuvu. Chota udongo huo, changanya na mchanga, jaza viriba (mifuko ya kuoteshea miche). Samadi iache kabisa.

Fukia mbegu kidogo tu. Mche utatoka umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Usilivue, litaanguka lenyewe, ukilivuta utang'oa sindano changa. Mwagilia asubuhi, acha juu pakauke, maana unyevu wa kudumu huleta kinyaushi: shina husinyaa usawa wa udongo na mche hulala. Kivuli chepesi kinatosha wiki za mwanzo, baadaye jua kamili.

Ukihamisha miche, usikung'ute mizizi. Udongo unaobaki kwenye viriba usiutupe; tayari una kuvu, utumie kwa miche ijayo.