Kabla hujamwita fundi wa PPR, angalia haya kwanza

Wadau mnaojenga huku Moshi, baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua, kwahiyo kila mtu anataka maji ya moto bafuni na fundi atakwambia weka PPR, yale mabomba ya plastiki ya maji. Ushauri mzuri kabisa, ila kuna vitu ujue kabla hela haijatoka.

Kwanza ujue unanunua nini. PPR ni polima, yaani mnyororo mrefu wa chembe ndogo zilizoungana, na chembe hizo (monoma) ni za aina mbili, propilini ndo nyingi halafu ethilini asilimia chache tu, zimejipanga ovyo ovyo kwenye mnyororo mmoja, na hiyo ethilini kidogo ndo yenye kazi, inavuruga ule mpangilio wa propilini tupu, plastiki inakuwa haipasuki kirahisi na bado maji ya moto inayahimili. Sio plastiki mbili zimeyeyushwa zikakorogwa, hapana, monoma zenyewe zimeungana tangu kiwandani. Kwahiyo usiangalie rangi ya kijani, soma maandishi ubavuni, yawepo PP-R na PN, yaani daraja la presha. Kwa maji ya moto chukua PN20, bomba la mm 20 unene wa ukuta wake ni mm 3.4, ukipima ukakuta 1.9 hiyo ni PN10, ya maji baridi, hata muuzaji aape vipi.

Sasa sola, ile hita ya maji ya jua. Hapa naomba mnisikilize sana. Maji ya kila siku kwenye PPR yasizidi nyuzi 70, lakini jua la Februari likiwaka na nyumbani hamna aliyeoga kutwa, maji ya kwenye sola yanaweza kukaribia kuchemka kabisa, kwahiyo mita za mwanzo toka kwenye tanki weka bomba la chuma, au funga valvu ya kuchanganya na maji baridi. Na PPR ya juu ya bati ifunikwe, jua linaila.

Alafu bomba la PPR likipata joto linarefuka jamani. Mita 10 joto likipanda nyuzi 40 unapata kama sentimita 6 zaidi, muulize fundi hizo sentimita zitaenda wapi.

Siku ya kuchomelea viungio hakikisha umeme upo, mashine iwe nyuzi 260, bomba la mm 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, akizidisha plastiki inajaa ndani tundu linaziba, na akiunga asizungushe. Plasta isubiri mpaka mpime presha, mara moja na nusu ya ile ya matumizi, mkague kila kiungio, na upige picha mabomba yanapopita kabla ukuta haujafungwa.