Kabla hujabuku gari la umeme ambalo halijatoka

Wewe uliye Marekani unayetaka kubuku gari la umeme jipya, kabla hujatoa hela uliza vitu viwili, hiyo advansi inarudishwa? na inakushikia nini hasa, bei au foleni tu? Maana mara nyingi ni foleni tu aisee. Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, Novemba 2019 watu walibuku kwa dola 100 wakiambiwa bei inaanzia 39,900, magari yakaja kuanza kutoka mwisho wa Novemba 2023 na bei ya chini ishafika 60,990, foleni yako ipo ila ile bei ndo haipo tena.

Dola 100 inayorudishwa sio ishu. Balaa ni kama Roadster, ya Tesla pia, 2017 walitaka dola 50,000, hela kama hiyo benki kwa riba ya 4% ni dola 2,000 kila mwaka, piga hesabu mwenyewe ya miaka ya kusubiri.

Alafu nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa magari ya umeme usiiweke kwenye bajeti mapema, ile ya serikali kuu ya Marekani iliisha Septemba 2025. Model 3 ya Tesla walianza kubuku 2016 kwa dola 1,000, aliyekabidhiwa gari kabla 2018 haijaisha alistahili mpaka 7,500, wa Januari 2019 akaangukia 3,750, wa 2020 sifuri, na wote labda walipanga foleni moja! Na kama kampuni ni changa soma masharti mara mbili, Fisker ilifilisika Juni 2024, kampuni ikifika huko advansi yako unaidai pamoja na wadai wengine kibao. Lipa kwa kredit kadi, angalau una pa kulalamikia.