Mwongozo ukae na toleo lake
Sisi tunaotunza kompyuta za maabara ya shule hapa Tanga hupendelea matoleo ya muda mrefu ya mfumo endeshi wa Ubuntu, kama toleo la 24.04, linalopata masahihisho ya usalama kwa miaka 5. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikihariri faili la mtandao nililolikuta katika mwongozo wa 16.04, kumbe tangu 18.04 kazi hiyo inafanywa na Netplan, programu inayosoma mipangilio ya mtandao kutoka mafaili yake yenyewe. Kwa hiyo mwongozo wa kila toleo utengewe tawi lake, yaani nakala inayotunzwa kando, na anayerekebisha hitilafu katika toleo la zamani arekebishe ukurasa unaohusika siku hiyohiyo. Namba ya toleo iandikwe juu ya kila ukurasa, si kwenye jalada tu, kwa kuwa wengi wetu huchapisha kurasa mbili tatu na kuzibandika ukutani.