Kutambua toleo la Junkers Ju 88 kwenye picha kabla hujashika gundi

Junkers Ju 88 ni ndege ya mabomu ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, na waunda modeli wake wengi huanza na herufi za toleo zilizoandikwa kwenye boksi: A-4, C-6, G-1. Mimi nakushauri uanze na picha ya ndege halisi unayotaka kuiunda. Ju 88 zaidi ya 15,000 zilitengenezwa, na kila kazi mpya iliyotwishwa ndege hii iliacha alama mwilini mwake. Ukizijua alama hizo, herufi itajitokeza yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni Ju 88. Kuna ndege nyingine mbili za mabomu za Kijerumani zinazofanana nayo. Dornier Do 17 ina mapezi mawili ya mkia. Heinkel He 111 za wakati wa vita zina pua ya vioo inayoteremka moja kwa moja, bila mkunjo kama ngazi mbele ya kioo cha rubani. Ju 88 ina pezi moja, na pua yake imeundwa kwa vioo bapa vingi kama jicho la nzi. Watu wake wanne wamebanana wote mbele, karibu bega kwa bega. Usiipite hatua hii haraka. Tarehe 24 Agosti 1940 marubani wa Kanada walizishambulia ndege za Blenheim za wenzao Waingereza wakidhani ni Ju 88, na hao walikuwa wakiziona kwa macho yao, si kwenye picha iliyofifia.

Hatua ya 2: Injini. Hapa ndipo wengi hupotea. Ju 88 za mwanzo zina injini ya Jumo 211, yenye silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V iliyopinduliwa, ikipozwa kwa maji. Lakini Junkers waliizungushia rejeta ya duara kwa mbele, kwa hiyo ukiitazama haraka utadhani ni injini ambayo silinda zake zimepangwa kwa duara. Basi vuta picha karibu, angalia nyuma ya propela. Ukiona feni yenye mapanga mengi yaliyosongamana (ni 12), hiyo ni BMW 801, inayopozwa kwa hewa. Usipoiona, shuka na macho ubavuni mwa injini: vibomba vya moshi vya Jumo vimepangwa mstari mmoja, chini kuliko ulivyotarajia, kwa sababu injini yenyewe imepinduliwa.

Jumo 211 itakupeleka kwenye A, C au D. BMW 801 itakupeleka kwenye R, S au G-1.

Hatua ya 3: Ncha za mabawa. Ili uone kwa nini mabawa yalibadilika, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 wizara ya anga ya Ujerumani iliomba ndege ya mabomu yenye mbio kiasi kwamba ndege za kivita zisiifikie. Ernst Zindel, W. H. Evers na Alfred Gassner waliichora, na ya kwanza ikaruka Dessau tarehe 21 Desemba 1936. Machi 1939 ndege ya majaribio ya tano, V5, ilizunguka njia ya kilomita 1,000 ikiwa na mzigo wa kilo 2,000 kwa wastani wa kilomita 517 kwa saa. Ilikuwa rekodi.

Ila wakuu wa jeshi la anga, Ernst Udet wa idara ya ufundi akiwa mstari wa mbele, walishaamua kwamba ndege hii lazima pia ipige mbizi na kudondosha mabomu. Mwili ukaimarishwa, bunduki zikaongezwa, mtu wa nne akapanda, na uzito ukapita tani 12. Vyumba vya ndani vilibeba mabomu madogo ya kilo 50, 28 kwa jumla. Makubwa yalining'inizwa nje, chini ya mabawa, yakikokota upepo. Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliomnyang'anya mchoraji ndege yake.

A-1 ina mabawa ya mita 18 na ushee, nayo yalilemewa. A-4 na A-5 zilipewa mabawa ya mita 20. Tazama usukani mdogo ulio ukingoni mwa bawa: kwenye bawa refu, ncha inaendelea kupita pale usukani unapoishia. Na usishangae ukikuta A-5 vitani kabla ya A-4. Injini za A-4, Jumo 211J, zilichelewa, kwa hiyo bawa jipya likafungwa kwenye ndege zenye injini za zamani.

Hatua ya 4: Pua na tumbo. Pua ya vioo ni ya mabomu (A) au upelelezi (D). Pua ya bati yenye midomo ya bunduki ni ya kivita: C-6 au R. Kibanda cha vioo cha tumboni hakikai katikati, kimesogea kulia. G haina kibanda hicho, badala yake ina mizinga minne ya milimita 20 chini ya tumbo, iliyosogea kushoto.

Hatua ya 5: Mkia. Pezi la mviringo ni la familia ya mwanzo. Pezi kubwa lenye kona kali lilitoka kwenye Ju 188, ndege iliyotokana na Ju 88, na ukiliona pamoja na antena nne ndefu za rada puani kama pembe za kulungu, umeshika G, ndege ya kivita ya usiku.

Hatua ya 6: S, toleo la mabomu lenye mbio. Nimeitenga kwa sababu iliniumiza. Niliwahi kuunda S-1 nikabandika kibanda cha tumboni kwa kuwa tu kilikuwemo kwenye boksi. Kukibandua kulichubua tumbo lote. S-1 ilivuliwa kibanda hicho makusudi, ikapewa pua laini ya vioo na BMW 801, na gesi ya kuzipa injini nguvu kule juu kwenye hewa nyembamba. Ilifika takriban kilomita 610 kwa saa. Kwa hiyo ukiunda S, tenga vipande vya kibanda kwenye bahasha kabla hujafungua gundi.

Hatua ya 7: Linganisha na chuma chenyewe. Tafuta picha za D-1 iliyoko Dayton, Marekani, iliyotoroshwa na rubani wa Romania hadi Cyprus Julai 1943, na za R-1 ya jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Uingereza. Hiyo ya pili ilitua Dyce, Scotland, tarehe 9 Mei 1943 ikiwa na rada yake, iitwayo Lichtenstein, na kuwapa Waingereza siri yake. Kwenye zote mbili chunguza mguu wa gurudumu: ni nguzo moja tu, na gurudumu hugeuka nyuzi 90 likijikunja nyuma, hadi likalala bapa. Ndiyo maana kifuniko chake kimevimba. Usikipige msasa.