Jinsi ya kusoma riwaya pendwa za Kiswahili muongo kwa muongo (na bila kuzificha)

Nyumbani kwetu kulikuwa na kitabu kimevikwa kaki, mgongoni kimeandikwa kwa peni ya buluu SIASA KIDATO CHA 3. Ndani siasa hamna, ndani alikuwemo Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Nyuma ya kava kuna orodha ya watu 11 walioazima, wengine wamewekewa na siku ya kurudisha, na chini kabisa mtu kaandika "msikunje kurasa jamani". Kurasa 16 za mwisho hazipo, zimechomoka zote kwa mpigo kama kawaida ya vitabu vya zamani, uzi ukishakatika tu zinaondoka kama familia.

Nimeanza na hicho kitabu kwa sababu ukitaka kuzielewa hizi riwaya pendwa zetu lazima uelewe kwanza kwamba zilisomwa namna hiyo, kwa kupokezana na kwa kujificha. Vijana wengi siku hizi wananiambia "nataka kusoma zile za zamani, nianzie wapi", nikiwaambia anza na hii wanaisoma kurasa 30 wanaiacha, wanasema mbona kama sinema ya kihindi. Tatizo sio kitabu, ni namna wanavyokisoma. Sasa mimi nakuelekeza ninavyofanya mwenyewe, chukua kinachokufaa.

Kwanza kabisa achana na kutafuta listi ya vilivyouzwa zaidi. Wamarekani wanayo yao, gazeti la New York Times lilianza kutoa orodha mwaka 1931 na linaendelea mpaka leo, sisi hesabu yetu inakaa sehemu nyingine. Ukishika kitabu fungua ule ukurasa wa mwanzo wa maelezo ya uchapishaji, angalia kimechapishwa mara ngapi na miaka gani. Kitabu kilichorudi mtamboni mara nne mara tano hicho kilikuwa kinatafutwa kwelikweli. Halafu angalia majina ya walioazima, mihuri ya maktaba ya shule, madoa ya chai. Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki, muulize mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya yoyote kama anamjua Joram Kiango. Akisema "si yule mpelelezi" basi umeshapata jibu lako.

Pili, soma kwa mpangilio wa miaka, muongo mmoja kitabu kimoja au viwili vinatosha. Usirukeruke.

Miaka ya 60 anza na Muhammad Said Abdulla, Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki enzi zile, la 1957/58 ikatoka kitabu 1960. Mtu anakutwa amekufa mzimuni, watu wanaanza minong'ono ya mashetani, halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni na Najum pembeni, anauliza maswali taratibu kama hana haraka. Kiswahili chake ni cha Unguja haswa, kwa hiyo ukiwa wa bara utakwama kidogo mwanzoni, usishike kamusi, endelea tu, kufika sura ya tatu sikio litakuwa limezoea. Kitu cha kuangalia humo ni kwamba siri haifumbuliwi kwa ramli, inafumbuliwa kwa kufikiri, na huo mwaka 1960 ulikuwa ni ujumbe mzito sana ila kaupaka asali. Kumbuka pia ni miaka minne kabla ya Mapinduzi, kwa hiyo Unguja utakayotembezwa ni ile ambayo haipo tena. Ukimaliza, chukua Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965, hiyo ni nyepesi inakimbia, utaimaliza kabla wali haujaiva.

Miaka ya 70 na 80 ndio penyewe, hapa kaa.

Unajua kilichotokea, Mwalimu alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wakaingia kwenye kisomo kwa mamilioni, mama zetu na bibi zetu. Sasa ukishamfundisha mtu kusoma atasoma nini? Kijitabu cha kilimo bora cha pamba atakisoma mara moja. Hapo ndipo Elvis Musiba akaingia na Kufa na Kupona, 1974, nyaraka za Kamati ya Ukombozi zimeibwa Dar es Salaam, Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirudisha. Na hiyo kamati haikuwa ya kubuni, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, waliiweka makao yake Dar tangu 1963 na wapigania uhuru wa kusini walikuwa wanapishana nasi mitaani, kwa hiyo msomaji wa wakati ule alikuwa anasoma kitu ambacho ofisi yake anapita mbele yake akienda kazini. Halafu 1979 ikaja Kikosi cha Kisasi, huyo Gamba yuko Kinshasa, adui ni makaburu na vibaraka wao.

Hapa nakupa kazi. Chukua daftari, andika mambo manne tu: adui ni nani, shujaa anakunywa na kuvaa nini, anasafiri kwa chombo gani, na mwanamke anafanywa nini. Basi. Usichambue dhamira na maudhui kama uko kwenye pepa ya kidato cha nne, utaua utamu wote.

Ukifanya hivyo kwa Musiba utaona kitu cha ajabu. Gamba anapanda ndege kama sisi tunavyopanda daladala, analala hoteli kubwa, wiski haikauki, na nguo zake ni za mtu mwenye hela. Sasa jaribu kukumbuka, au muulize mzee wako, mwanzoni mwa miaka ya 80 Tanzania ilikuwaje. Vita vya Kagera vimeisha 1979 vimetuachia mifuko mitupu, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi watu wakawa wanatupa vitenge mtoni usiku wasikutwe navyo. Katika hali hiyo mtu amejifungia chumbani na kibatari anasoma habari za jamaa anaoga maji ya moto kwenye hoteli ya Kinshasa! Mimi naamini nusu ya utamu ulikuwa hapo, ile bafu. Wasomi waliandika sana kwamba hizi riwaya zinaiga James Bond na James Hadley Chase, ni kweli ziliiga, lakini mwenye foleni ya sabuni hakuwa anajali nani kaiga nani. Na angalia ujanja wake, anasa yote ile inahalalishwa kwa sababu jamaa yuko kwenye kazi ya ukombozi wa Afrika. Ujamaa na wiski kwenye glasi moja.

Kuhusu wanawake sitakudanganya, utakereka. Wengi ni warembo wa kupindukia, ama jasusi ama mtego, na wengi hawafiki ukurasa wa mwisho. Andika kwenye daftari, kereka, endelea. Ukiruka hizo sehemu hutajua waliokuwa wanasoma walikuwa wanaonaje dunia.

Baada ya hapo ingia kwa Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, huyu alikuwa fundi. Joram Kiango wake sio mtumishi wa serikali kama Gamba, ni mtu huru anayejitafutia, na hiyo tofauti iangalie vizuri kwa sababu ndiyo miaka ya 80 yenyewe, watu wameanza kuacha kutegemea serikali. Lazima Ufe Joram ya 1983 ndiyo mlango mzuri. Na hata uchapishaji ulifuata hivyohivyo, East African Literature Bureau iliondoka na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, wenye vipaji wakaanza kujichapishia, Mtobwa akawa na kampuni yake, Heko. Ukitaka kumwona akiwa hana bunduki mkononi soma Dar es Salaam Usiku, hapo shujaa ni mji wenyewe, baa zake, matajiri wake, wasichana wanaouza miili na ombaomba, mpaka kikatafsiriwa Kiingereza. Mimi nakiweka juu ya vyote vyake, najua mashabiki wa Joram watanipiga mawe.

Namna ya kuzisoma: mara ya kwanza soma kwa spidi, siku mbili tatu, usiku, simu weka mbali. Ziliandikwa zikimbie. Mtu anayesoma Musiba kurasa tano kwa siku anafanana na anayekunywa soda kwa kijiko. Daftari ni la mara ya pili.

Sasa tuje kwenye dharau maana bila hiyo hujamaliza somo. Wasomi wakagawa, huku fasihi dhati, huku fasihi pendwa, yaani kama vile kitu kikipendwa ndio kimeharibika. Walimu wakaziita takataka, wazazi wakazichana. Ila huo mpaka haujawahi kukaa sehemu moja na mfano mzuri ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu inazungumza waziwazi mambo ya mapenzi na mimba za wasichana, wanafunzi wakaitafuta kama dawa, wakaisoma kwa siri, halafu miaka ikapita ikaja kuingizwa mashuleni kama kitabu cha kufundishia. Kitabu kilekile. Kwa hiyo ukisoma riwaya yoyote ya hizi jiulize pia ingekuwa upande gani leo, na nani angeamua.

Ukitaka kujua hayo vizuri ongea na wazee wako, na usiwaulize "ulisoma vitabu gani" maana watakutajia Shaaban Robert wote, hiyo ndiyo jibu la heshima. Uliza "ulikuwa unakificha wapi". Shangazi yangu alinijibu bila hata kufikiri, "chini ya unga", halafu akashtuka kwamba amesema.

Miaka ya 90 na 2000 napita haraka, siyo kwa dharau ila vitabu vyenyewe vilihamia magazetini. Zile hadithi za Eric Shigongo, huyu aliyekuja kuchaguliwa mbunge wa Buchosa 2020, watu walikuwa wananunua gazeti wanaanza na hadithi ndio wanarudi kwenye habari. Ukizisoma leo zikiwa zimekusanywa kitabu zinachosha, kila kurasa chache kuna mtu anazimia, kwa sababu ziliandikwa kwa kukatwa. Kwa hiyo zisome kwa kukatwa vilevile, kipande kimoja, funga, kesho tena. Utaona zinavyorudi kuwa tamu. Na ndiyo mtindo huohuo ulioko kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi, SEHEMU YA 14, ITAENDELEA, ukitaka yote tuma buku, yaani shilingi elfu moja, kwa M-Pesa. Watu wanazicheka, na ndio haohao wanaouliza sehemu ya 15 inatoka lini.

Pa kuvipata: Dar tembea pale Posta na Kariakoo kwa wale wanaopanga vitabu chini kwenye turubai, nenda asubuhi, usionyeshe umekipenda sana la sivyo bei inapanda hapohapo. Maktaba Kuu ya Taifa vipo baadhi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo sehemu yao ya machapisho ya Afrika Mashariki, utasomea humohumo ndani. Baadhi vimechapishwa upya, nunua hivyo maana wenye haki wanapata chochote. Zile skani za mtandaoni zinazozunguka nyingi zina kurasa pacha, zingine zimepindapinda, mtu kapiga picha na kidole chake kinaonekana. Na popote unaponunua cha zamani fanya hivi kabla ya kutoa hela: angalia ukurasa wa mwisho, hesabu namba za kurasa za nyuma, kikunje kidogo mgongoni uone uzi umeshika. Mwuzaji atakwambia "kipo kamili bosi". Hesabu tu.

Mimi nilijifunza kuhesabu kwa sababu ya kile cha SIASA KIDATO CHA 3. Kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hiyo mwisho wake tulikuwa tunasimuliwa na mzee, umeme ukikatika tunakaa barazani anaanza, Gamba kafungwa kamba kwenye ghala, risasi imebaki moja, mlinzi anasinzia, tulikuwa tunaujua kwa moyo na bado tunabana pumzi. Mwaka juzi nikapata nakala kamili, nikaikagua kama nilivyokuelekeza, ipo yote. Nimesoma mpaka mwisho, ghala hakuna. Risasi moja hakuna. Mlinzi anayesinzia hakuna.

Nikampigia. Akacheka sana, akasema "mwanangu, kiliponifikia mimi kilishakuwa hivyo, ulitaka niwaache watoto na Gamba amesimama mlangoni?" Nikamwambia basi nikusomee mwisho wenyewe. Akakataa, akasema wa kwake ni mzuri zaidi. Miwili yote ninayo sasa, na kusema kweli sina pa kumbishia.